Mathias Mnyampala, Mshairi wa Ngonjera: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni nadra kukuta mahafali ya shule ya msingi, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Njombe, Tukuyu na Mbeya mjini, yasiyokuwa na ngonjera. Watoto hupangwa mbele ya meza ya mgeni rasmi, mmoja akajifanya hajui, mwingine akamwelimisha, na wazazi wakanyanyuka na noti kuwatuza. Waliokariri ngonjera utotoni ni wengi. Wanaomjua aliyeiweka katika umbo hilo ni wachache. Yafuatayo ni maswali ambayo walimu, wanafunzi na wazazi huuliza kila jina la Mathias Mnyampala linapotajwa, pamoja na majibu yake.

Mathias Mnyampala alikuwa nani?

Mathias Eugen Mnyampala alikuwa mshairi, mwandishi wa historia na mtumishi wa umma, aliyezaliwa mwaka 1917 katika eneo la Ihumwa, Dodoma, na kufariki dunia mwaka 1969. Alikuwa Mgogo na Mkatoliki. Katika maisha yake ya kazi alipitia ualimu na ukarani, akawa hakimu, na upande wa fasihi aliongoza chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, ambacho watu wengi wanakifahamu kwa kifupi chake, UKUTA.

Alizaliwa wakati Vita ya Kwanza ya Dunia ikiendelea katika nchi yetu, na utoto wake uliangukia katika njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyofuata baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Jambo hilo si la kupitwa haraka, kwa kuwa mtu aliyekulia katika nchi ya ukame, miongoni mwa wazee waliokuwa wakihesabu miaka kwa majina ya njaa, ana sababu ya kuandika historia ya watu wake kabla haijapotea, na ndivyo alivyofanya.

Kwa nini msomaji wa Iringa au Mbeya ahangaike na mshairi wa Dodoma?

Kwanza, Dodoma si mbali. Anayetoka Iringa mjini kwa barabara ya kaskazini hupita Izazi, akafika Mtera, akavuka Ruaha Mkuu, na hapo ameshaingia Dodoma. Wahehe na Wagogo ni majirani waliopigana na kuoana kwa vizazi vingi, na hadi leo katika tambarare za Izazi na Pawaga utasikia Kigogo na Kihehe katika soko moja.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Ushairi wa Kiswahili wenye vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi) ulikuzwa pwani na visiwani, yaani Lamu, Pate, Mombasa, Pemba, Unguja na Tanga, na kwa muda mrefu mtu wa bara aliyethubutu kuutunga alitazamwa kama mgeni aliyeingia jikoni bila kukaribishwa. Mnyampala hakuzaliwa na Kiswahili mdomoni. Alizungumza Kigogo kwanza, akajifunza Kiswahili, kisha akakimudu kiasi cha kuchaguliwa kuongoza chama cha washairi wa nchi nzima, ambacho ndani yake walikuwamo mafundi wa mwambao. Kwa mtoto wa Kibena, Kikinga, Kisafwa, Kinyiha au Kinyakyusa, ambaye aliingia darasa la kwanza akiwa na lugha ya nyumbani na kuchekwa kwa matamshi yake, mfano huo una uzito kuliko ule wa mshairi aliyelelewa katika nyumba ambayo tenzi zilisomwa usiku kama hadithi.

Wala hakuwa peke yake. Saadani Kandoro na Sheikh Kaluta Amri Abedi, wote wawili wa Ujiji, ziwani Tanganyika, walikuwa watu wa bara vilevile, na wa kizazi chake. Kitabu cha Amri Abedi kuhusu sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kiliweka kanuni hizo katika maandishi ambayo mtu yeyote anayejua kusoma angeweza kuzifuata, hata kama hakuwa na mjomba wa kumfundisha barazani. Nafikiri umuhimu wa kitabu hicho kwa watu wa bara bado haujasemwa vya kutosha.

Aliujuaje ushairi, ikiwa hakukulia pwani?

Njia kuu ya watu wa bara wa wakati wake ilikuwa shule na gazeti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilifika katika vituo vya serikali na misheni za mbali, na lilikuwa na nafasi ya mashairi ambamo watunzi walisalimiana, wakaulizana mafumbo, wakasahihishana vina na wakati mwingine wakatukanana kwa adabu. Karani wa Dodoma au mwalimu wa Tukuyu aliyesoma kurasa hizo mwezi hadi mwezi alijikuta anaingia darasani bila kulipa ada. Shairi lililokosa mizani lilijibiwa hadharani, na mtunzi wake akajifunza kwa aibu.

Kazi ya ukarani na uhakimu nayo ilimpa Kiswahili cha aina yake, kile cha maandishi, kinachotaka kila neno likae mahali pake. Msomaji makini wa mashairi yake huona jambo hilo: hapendi ukungu. Hupanga hoja, akatoa sababu, akafikia uamuzi.

Ni kweli kwamba kitabu chake kinachojulikana zaidi ng'ambo si cha mashairi?

Ni kweli. Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichochapishwa mwaka 1954, ni kitabu cha nathari ambacho watafiti wa historia wamekitumia kwa miongo mingi, na mwaka 1995 kilitolewa kwa Kiingereza, kikihaririwa na mwanahistoria Gregory Maddox. Thamani yake iko katika kuandikwa na mwenyeji, kwa Kiswahili, wakati ambapo habari za makabila mengi ya nchi hii zilikuwa zikiandikwa na wamisionari na maofisa wa kikoloni.

Ameacha vitabu gani vingine?

Mwaka 1961 kilitoka kitabu cha hadithi, Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Mwaka 1963 ulikuwa mwaka wa neema kwake, kwa sababu ndipo zilipotoka Diwani ya Mnyampala na Utenzi wa Enjili Takatifu. Mwaka 1965 zikafuata Waadhi wa Ushairi na Utenzi wa Zaburi. Juzuu mbili za Ngonjera za UKUTA zilitolewa mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshazikwa. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilikaa katika muswada na kuchapishwa zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake.

Imekuwaje Mkatoliki akatunga tenzi, ilhali utenzi ni umbo la Waislamu?

Utenzi ulikua mikononi mwa masheikh na wanazuoni wa pwani, na Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake una tarehe ya mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Warumi. Lakini umbo lenyewe ni ubeti wa mishororo minne mifupi, kila mmoja ukiwa na mizani nane, mitatu ya mwanzo ikishiriki kina kimoja na wa nne ukibeba kina kinachorudi hadi mwisho wa kazi yote. Ni umbo linalofaa masimulizi marefu, na linashikika kichwani. Mnyampala aliliona kama chombo ambacho Injili ingeweza kupanda na kusafiri nacho, akakitumia bila kuomba radhi kwa yeyote, na bila kuacha heshima kwa waliokitengeneza.

Katika Nyanda za Juu Kusini jambo hilo lina maana ya ziada. Wamisionari wa Moraviani waliofika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin waliofika Unyakyusa mwaka huohuo na baadaye wakaenea hadi Ubena na Uhehe, walianza kuhubiri na kutafsiri kwa lugha za wenyeji, na nyimbo nyingi za kanisa zikaja na tuni za Ulaya. Tenzi za Mnyampala zinaonyesha njia nyingine ambayo ilikuwa wazi: kuchukua Maandiko na kuyaweka katika umbo la Kiafrika lililokwishakomaa. Kwaya zetu ni hodari sana, lakini hazijawahi kuitumia njia hiyo inavyostahili.

Ngonjera ni nini hasa, na inatofautianaje na malumbano?

Ngonjera ni mashairi ya majibizano yanayotungwa kwa ajili ya wahusika wawili au zaidi, yakakaririwa na kuigizwa mbele ya watu. Mhusika mmoja huanza akiwa na shaka, ujinga au upinzani. Wa pili humjibu kwa hoja. Ubeti kwa ubeti wanavutana, na kwa kawaida mwisho wanafika mahali pamoja.

Malumbano ni ya watunzi halisi, kila mmoja akijitungia, na hakuna anayejua yatakwishaje. Pwani yana historia ndefu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana na washairi wa miji mingine juu ya vita na siasa, kwa maneno makali. Katika ngonjera mtunzi ni mmoja, naye anazijua pande zote mbili kabla ya mtoto wa kwanza kufungua mdomo. Kwa hiyo ngonjera iko karibu zaidi na tamthilia kuliko ilivyo karibu na ugomvi wa magazetini.

Ili jambo lionekane, tumetunga hapa beti mbili fupi zinazofuata kanuni za kawaida, yaani mishororo minne, kila mmoja ukiwa na mizani kumi na sita iliyogawanywa nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mada ni vinyungu, yale mashamba ya bondeni ambayo wakulima wa Iringa na Njombe hulima wakati wa kiangazi, na ambayo yamekuwa na mvutano wa miaka mingi kwa sababu ya vyanzo vya maji.

Mkulima:
*Mwanafunzi nisikie, bondeni ninakolima,*
*Kiangazi kiingie, mboga ninakwenda chuma,*
*Sare zao nilipie, watoto wapate soma,*
*Kinyungu nikiachie, nitakula nini mama?*

Mwanafunzi:
*Baba neno lako kweli, kinyungu kwako mtaji,*
*Ila lima kwa akili, usifike penye maji,*
*Mita sitini kamili, zilindwe nacho kijiji,*
*Wenzio wa chini mbali, nao wana mahitaji.*

Tazama kinachotokea. Mkulima hasemi upuuzi. Ana watoto wa kuwavisha. Mwanafunzi anaanza kwa kukubali, ndipo anaweka sharti, na mita 60 anazozitaja ndizo zilizomo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mshororo wa mwisho unawaingiza watu ambao hawapo jukwaani, yaani wale wa Mbarali na Pawaga wanaoyasubiri maji ya mito hiyo katika mashamba ya mpunga. Ngonjera ikiandikwa hivi, msikilizaji anabaki na kazi ya kupima. Ikiandikwa vibaya, mkulima anafanywa mjinga na mwanafunzi anafanywa mkuu wa wilaya.

Je, aliibuni ngonjera yeye mwenyewe?

Majibizano ya kishairi yalikuwapo kabla yake, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi. Alichofanya Mnyampala ni kuyatoa gazetini na barazani, akayapa wahusika, akayapeleka jukwaani, akayapa jina na kuyakusanya katika vitabu ambavyo mwalimu wa kijiji chochote angeweza kuvitumia.

Mimi huamini, na hii ni rai yangu tu, kwamba uhakimu ulimsaidia. Mtu anayeketi mahakamani siku baada ya siku huwasikiliza watu wawili wanaopingana, kila mmoja akiwa na uhakika wake, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba upande wa pili umesikika kabla ya neno la mwisho kutamkwa. Soma ngonjera nzuri ukiwa na picha ya baraza la mahakama akilini, nawe utaona mdai, mdaiwa na maridhiano.

Kwa nini ngonjera ilienea shuleni kwa kasi namna ile?

Kwa sababu ilizaliwa katika saa yake. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari 1967, Elimu ya Kujitegemea ikafuata mwezi Machi, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa ametafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili, alikutana na washairi na kuwaomba waisaidie nchi kueleza siasa ya Ujamaa kwa lugha ambayo wananchi wangeielewa. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Juzuu ya kwanza ya Ngonjera za UKUTA ikatoka mwaka huohuo.

Wazazi wengi wakati huo hawakujua kusoma. Hotuba ya kiongozi iliwapita, kitabu hakikuwafaa, redio zilikuwa za kuhesabika kijijini. Lakini mtoto wao akisimama uwanjani na kughani beti kumi kuhusu usafi wa choo, mbolea au kujiandikisha kisomo, walisikiliza kwa masikio mawili, kwa sababu huyo ni mtoto wao, na vina viliwasaidia kurudia maneno hayo njiani wakirudi nyumbani. Hapakuhitajika pazia, taa wala mavazi. Palihitajika mwalimu mmoja, watoto wawili na uwanja wa shule. Shule iliyoko juu Makete ilikuwa sawa na shule ya Dar es Salaam.

Basi alikuwa mpiga debe wa serikali?

Swali hili huulizwa na wanafunzi wa kidato cha sita, na linastahili jibu la kweli. Ndiyo, sehemu ya kazi zake za mwisho ni za kueneza Ujamaa, na baadhi yake zimechakaa, kwa kuwa hoja zake zilitegemea imani ya wakati ule na hazikuacha nafasi ya kuulizwa maswali. Anayezisoma leo Mbeya, mahali ambapo wazee wangali wanakumbuka namna vijiji vya miaka ya 1970 vilivyoanzishwa na nani aliyehamishwa kwa lazima, hawezi kuzisoma kwa moyo mweupe.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya kumtendea haki. Alifariki mwaka 1969, miaka minne kabla ya amri ya mwaka 1973 ya watu wote kuhamia vijijini, kwa hiyo alichokitungia ni ahadi; utekelezaji wa nguvu hakuuona. Pili, alikuwa akiamini. Aliandika hata kazi ya kulinganisha Azimio la Arusha na Maandiko Matakatifu, jambo ambalo mtu anayetafuta cheo tu asingehangaika nalo. Alikuwa ameona njaa utotoni, akasoma Injili ukubwani, na siasa iliyosema kwamba mtu asimnyonye mwenzake ilimwingia kama jambo analolijua. Anaweza kupingwa katika mashairi hayo. Kumwita kasuku ni kumwonea.

Madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yalifanywa na waliomfuata. Waliona umbo linafaa kwa kampeni, wakaliminya hadi likabaki kampeni tupu, na ndiyo maana ngonjera nyingi za leo humaliza kwa kumshukuru mgeni rasmi na kumkumbusha kuhusu madawati.

Je, mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani, hayakumaliza habari ya Mnyampala?

Hapana, ingawa yalimweka kando vyuoni. Kuanzia Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, ubishi kuhusu vina na mizani uliwaka, na washairi wa jadi wakasemwa kwamba wamefungwa na kanuni. Cha kuangalia ni kwamba Kezilahabi alitoka Ukerewe, na kwamba mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, wote watu wa bara, waliipa diwani yao jina la Malenga wa Bara. Mlango waliopitia watu wa bara ulikuwa umekwisha kufunguliwa na kina Mnyampala, Kandoro na Amri Abedi, kwa kutumia funguo za pwani zilezile.

Mbona jina lake halisikiki kama la Shaaban Robert?

Shaaban Robert, aliyeishi kuanzia mwaka 1909 hadi 1962, aliacha riwaya, insha, wasifu na mashairi ambayo yalikaa katika mihtasari ya shule kwa miongo mingi, na jina lake huandikwa juu ya kila ukurasa. Ngonjera husafiri bila jina. Mwalimu hunakili beti ubaoni au kwenye daftari, watoto hukariri, mwaka unaofuata mwalimu mwingine hubadili maneno mawili matatu, na baada ya miaka kumi hakuna anayejua nani aliandika nini. Mtunzi ambaye kazi yake imeingia midomoni mwa watu namna hiyo amefanikiwa, lakini mafanikio hayo humla mwenyewe.

Tena Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyotoa baadhi ya vitabu vyake, haikudumu baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Vitabu vilivyokwisha havikurudishwa mitamboni.

Mwalimu afanye nini ili ngonjera isiwe kelele?

Kosa tunaloliona mara nyingi ni sauti moja. Watoto hufundishwa kupaza sauti kwa kiwango kilekile kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, mkono wa kulia ukipanda kila mizani ya nane kana kwamba umefungwa kamba, na macho yakitazama juu ya vichwa vya watu. Anayepinga na anayeshauri wanasikika sawa. Mnyampala aliandika kwa ajili ya kuigizwa, kwa hiyo mhusika anayepinga apewe mtoto mwenye ubishi wa kweli, asimame upande, amtazame mwenzake usoni, na aachwe akatize au acheke pale ambapo ubeti unaruhusu.

Mwalimu na amwandikie mpinzani hoja anayoiamini. Ikiwa mada ni utoro wa wavulana wanaokwenda kubeba viazi Uyole au kuchuma chai Mufindi, mtoro aseme kiasi anacholipwa na anachonunua nacho. Watazamaji watacheka kwa kuwa wanamjua. Baada ya hapo anayemjibu atalazimika kuwa na jibu, na mtoto aliyelitafuta jibu hilo pamoja na mwalimu wake hatalisahau.

Mizani ihesabiwe kwa makofi, silabi moja kofi moja. Herufi m au n inayosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama katika "mtaji" au "nchi", hupewa kofi lake, na hapo ndipo wengi hukosea na kulalamika kwamba mshororo una pengo.

Inawezekana kutunga ngonjera kwa Kihehe au Kinyakyusa?

Inawezekana, na mtu anayejaribu atajifunza mengi kuhusu lugha yake. Mizani ya Kiswahili huhesabu silabi, na lugha hizi nazo zina silabi wazi zinazoishia na irabu, kwa hiyo mlango uko wazi. Ugumu huja kwenye urefu wa irabu. Kinyakyusa kina irabu saba, na hutofautisha irabu fupi na ndefu kiasi kwamba maana ya neno hubadilika, jambo ambalo Kiswahili sanifu hakina. Je, irabu ndefu ihesabiwe mizani moja au mbili? Mtunzi ataamua kwa sikio, kisha adumu na uamuzi wake hadi ubeti wa mwisho, kwa sababu wasikilizaji watausamehe uamuzi wowote isipokuwa ule unaobadilika katikati.

Mnyampala mwenyewe alichagua Kiswahili kwa mashairi yake, na hata historia ya Wagogo aliiandika kwa Kiswahili. Alitaka asomwe na Watanganyika wote.

Mtu asiyewahi kumsoma aanzie wapi?

Mwalimu wa shule ya msingi aanze na Ngonjera za UKUTA, akichagua zile zisizofungwa na matukio ya miaka ile. Mwanafunzi wa Kiswahili wa kidato cha tano au wa chuo, kwa mfano wa Mkwawa pale Iringa, aanze na Diwani ya Mnyampala, kisha aisome sambamba na kanuni za Amri Abedi ili aone wapi anazifuata na wapi anazinyoosha. Mpenzi wa historia aende moja kwa moja kwenye kitabu cha Wagogo, na Mhehe akisome akiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa atakutana na mababu zake wakisimuliwa na jirani. Nakala hazipatikani kirahisi madukani. Mahali pa kujaribu kwanza ni maktaba za mikoa, vyuo vya ualimu na makabati ya walimu wastaafu, na anayepata juzuu ya pili ya ngonjera ikiwa na kurasa zote asiiazimishe bila kuandika jina la mwazimaji.